Robert Triffin, Mbelgiji aliyetabiri shida ya dola

Robert Triffin alizaliwa Flobecq, Ubelgiji, mwaka wa 1911. Alisoma Louvain na Harvard, akafundisha Harvard, kisha mwaka wa 1942 akaingia benki kuu ya Marekani, iliyomtuma Paraguay kusaidia kurekebisha sheria za benki. Mwaka wa 1951 alirudi kufundisha, safari hii Yale.

Hapo, mwaka wa 1960, alitoa onyo linalotuhusu hata sisi tunaolipa kodi ya nyumba kwa dola: dunia inahitaji dola nyingi, lakini zikizidi dhahabu ya Marekani, imani itapotea. Mageuzi aliyopendekeza hayakufuatwa. Tarehe 15 Agosti 1971, rais Nixon alisimamisha kubadilisha dola kwa dhahabu.

Triffin, aliyetaka Ulaya iwe na sarafu moja, alifariki Ostend mwaka wa 1993, kabla euro haijaanza.