Allidina Visram: Kijana wa Bagamoyo aliyefuata reli hadi Uganda

Mwaka 1863 mtoto wa miaka 12 aliteremka Bagamoyo akitokea Kera, kijiji cha Kutch, magharibi mwa India. Hakuwa na mtaji, hakujua Kiswahili, na alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa nguvu zake tu. Jina lake lilikuwa Allidina Visram. Alipofariki mwaka 1916 hapakuwa na mfanyabiashara aliyejulikana kumzidi kati ya Mombasa na Kampala, na watu wa zama zake walimhesabu kama mfalme wa Uganda asiye na taji.

Tumezoea kusikia habari za matajiri wa siku hizi. Huyu wa zamani ana la kuwaambia wachuuzi wa Busia, Malaba na Tororo, kwa sababu biashara anayoifanya leo mama wa Kiyeyi, ya kufunga gunia la karanga na kulipeleka mpakani, ndiyo iliyomwinua Visram. Alinunua mazao kwa mkulima na kumuuzia mkulima huyo huyo kitambaa na chumvi.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ilitokea hapo kwenda Tabora na Ujiji, ikibeba merikani, kaniki, shanga na waya, na kurudi na pembe za ndovu. Kijana Visram alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara ambaye watu wa Dar es Salaam walimkumbuka baadaye kwa hospitali iliyobeba jina lake. Kwa tajiri huyo alijifunza mambo yasiyofundishwa darasani: mpagazi mmoja abebe kilo ngapi (zilikuwa kama 30), kitambaa gani kinapendwa Unyamwezi na kipi kitarudi na vumbi lake.

Zaidi ya yote alijifunza deni. Mfanyabiashara wa misafara hakununua bidhaa kwa fedha taslimu. Alizichukua kwa mali kauli kutoka kwa matajiri wa Unguja, akazipeleka bara, akalipa msafara uliporudi baada ya miezi mingi. Njiani wapagazi waliweza kutoroka, ugonjwa ukaingia kambini, au vita vikafunga njia. Mzigo ukipotea, deni lilibaki pale pale. Aliyeshindwa kulipa mara moja hakupewa tena. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa Visram ulikuwa neno lake, na alilitunza.

Taratibu akaanza kujitegemea. Akafungua matawi Sadani, Dar es Salaam, Tinde, Tabora na Ujiji, mpaka akaingia Kongo. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ya misafara ikawa mikononi mwake. Alikuwa na umri wa miaka 46, na mtu mwingine angetosheka hapo.

Lakini mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa. Kwa mtu ambaye utajiri wake ulitembea juu ya vichwa vya wapagazi, habari hiyo ilikuwa mbaya. Garimoshi lingebeba kwa siku chache mzigo uliochukua msafara karibu miezi mitatu. Wako waliobaki kwenye njia za zamani wakasubiri kuona. Visram aligeuza mkondo, akaifuata reli. Kadiri reli ilivyosonga mbele, ndivyo alivyofungua maduka kandokando yake, akiwauzia mafundi na vibarua kutoka India mchele, unga na samli, na wenyeji bidhaa walizozihitaji. Sehemu nyingine alitangulia mbele ya reli. Garimoshi lilipofika Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901, yeye alikuwa na duka Kampala tayari.

Hapo lipo jambo ambalo watu wa mpakani wanapaswa kulikumbuka. Kisumu wakati ule ilikuwa ndani ya Uganda. Jimbo la mashariki la Uganda lilifika hadi Naivasha, na ni tarehe 1 Aprili 1902 ndipo serikali ya Uingereza ilipolihamishia upande wa pili, unaoitwa Kenya leo. Mpaka tunaoupangia foleni kwa malori ulichorwa upya kwa kalamu wakati maduka ya Visram yapo wazi pande zote, na hayakufungwa. Alitumia rupia Mombasa na rupia hiyo hiyo Jinja. Mchuuzi wa leo anayepoteza faida yake kwa mbadilisha fedha wa pale Sofia atamwonea wivu, na ana haki.

Kutoka Kisumu bidhaa zilivuka ziwa kwa vyombo, na Visram alikuwa na vyake. Akafungua Jinja, Entebbe, halafu vituo vidogo vya ndani ambako hapakuwahi kuwa na duka. Na kule ndani ndiko alikofanya kazi ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko utajiri wake.

Uganda ilikuwa ikitumia simbi, zile kauri za baharini, kama fedha. Kwa mkataba wa mwaka 1900 serikali ilidai kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba ya Buganda, na kodi za namna hiyo zikaenea sehemu nyingine. Mkulima angeitoa wapi rupia? Alikuwa na ufuta, karanga, pilipili, ngozi za ng'ombe, lakini hakuwa na mnunuzi wa kumlipa kwa sarafu. Duka la Visram lilinunua mazao hayo. Rupia ikatoka dukani ikaingia mkononi mwa mkulima, ikaenda kwa mtoza kodi, na nyingine ikarudi dukani kununua kaniki. Bila mzunguko huo kodi ingebaki kwenye karatasi, na maofisa walilijua hilo vizuri.

Maofisa wenyewe walimhitaji. Benki ya kwanza Uganda, National Bank of India, ilifunguliwa Entebbe mwaka 1906. Kabla ya hapo, mtumishi wa serikali au mmisionari aliyekuwa na hati ya fedha alikwenda dukani kwa Visram akapewa sarafu. Mtu aliweza kuweka fedha mji mmoja na kuzipata mji mwingine, kwa karatasi yenye mwandiko wa karani. Leo tunaye wakala wa simu kila kona. Zamani palikuwa na karani wa Visram, na daftari lake lilitosha.

Je, mtu mmoja aliwezaje kusimamia maduka yaliyotapakaa hivyo? Hakuyasimamia yote. Aliwachukua vijana waliofika kutoka India mikono mitupu, kama alivyofika yeye, akawapa bidhaa kwa mali kauli, akawaonyesha mahali pa kwenda. Kijana alijenga kibanda cha mabati, akauza, akanunua mazao, akalipa deni lake kwa mazao hayo. Akimaliza alipewa mzigo mkubwa zaidi. Wengi wa waliokuwa mawakala wake walikuja kuwa matajiri kwa majina yao wenyewe. Lakini tusipambe mno. Anayekukopesha bidhaa na papo hapo ndiye mnunuzi wa mazao yako ameweka mkono pande zote mbili za mizani, na mwenye duka la kijijini hakuwa na pengine pa kwenda.

Pamba ilipoanza kulimwa Uganda, miaka ya 1903 na 1904, Visram aliingia pia. Alikuwa na vinu vya kuchambua pamba Entebbe na Mombasa, kinu cha mafuta Kisumu, karakana za samani, kiwanda cha soda, viwanda vya mbao. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, na bado alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe.

Katika ngazi hiyo aliyoipanda, Mwafrika alikaa wapi? Alikuwa mkulima, mpagazi, kuli, baharia wa ziwani. Mara chache sana alikuwa mwenye duka. Mali kauli ilipita kwa ndugu na jamaa, na Mganda au Mjopadhola hakuwa na jamaa kwenye mnyororo huo. Baadaye sheria za leseni na za vinu zikaufunga mlango zaidi. Kinyongo hicho kilikua kwa miaka mingi. Kwenye ghasia za Buganda za mwaka 1949, haki ya wakulima kuchambua pamba yao wenyewe ilikuwa miongoni mwa madai, na ni katika miaka ya 1950 ndipo vyama vya ushirika vilipopata vinu. Lawama hii si ya Visram peke yake, ila huwezi kusimulia maisha yake ukairuka.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Uingereza na Ujerumani zilipigana katika nchi zile zile alizozifanyia biashara tangu ujana. Njia za zamani za Tabora na Ujiji zikawa njia za majeshi. Hata hivyo aliendelea kusafiri. Akiwa na miaka 65, umri ambao tajiri mwingine angekaa barazani akaletewa hesabu, alikwenda Kongo kuangalia biashara yake. Alipata homa katika safari hiyo, na mwaka 1916 akafariki.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mali, maduka na madeni. Kurithi mali ni rahisi kuliko kurithi mtandao wa watu waliokuwa wakimwamini baba. Madeni mengi yalikuwa kati ya mzee na mawakala wake, na mzee hakuwepo tena wa kuyadai. Bei ya pamba ilianguka vibaya baada ya vita. Katika miaka ya 1920 kampuni iliyochukua zaidi ya nusu karne kujengwa ilisambaratika.

Reli mpya kupitia Eldoret ilifika Tororo mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, na Kampala mwaka 1931. Kampuni ya Visram haikuwepo tena kuifuata. Kilichobaki na jina lake ni shule ya sekondari ya Mombasa, ambayo Abdulrasul aliijenga kwa ukumbusho wa baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923 na inafundisha hadi leo.