Humphrey Bogart: nyota wa Hollywood aliyefika Butiaba

Ikiwa uliingia Uganda kwa kuvuka Ziwa Albert, unalijua ziwa hilo kwa mawimbi yake na kwa mitumbwi inayojazwa watu kupita kiasi. Mwaka 1951 ziwa hilohilo, upande wa Butiaba, lilipokea mgeni wa aina nyingine. Humphrey Bogart, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana karibu dunia nzima, alikuja kucheza filamu, na kazi aliyoifanya Uganda na Kongo ndiyo iliyompa tuzo yake pekee ya Oscar.

Kama umezoea filamu za vibandani Katwe au Nsambya, zenye sauti ya VJ, huenda jina lake halikuambii kitu. Filamu zake nyingi hazina rangi, na watu huzungumza kuliko wanavyopigana. Lakini mkimbizi ana sababu ya kumfahamu.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, na mama yake, Maud Humphrey, mchoraji mwenye jina. Nyumbani hapakuwa na shida ya fedha. Shida ilikuwa shule: mwaka 1918 alifukuzwa kwenye shule ya bweni, akajiunga na jeshi la majini. Miaka ya 1920 aliigiza jukwaani bila kung'ara sana. Mwaka 1935 akapewa nafasi ya jambazi katika mchezo wa The Petrified Forest, pamoja na Mwingereza Leslie Howard. Kampuni ya Warner Bros. ilipotaka kuugeuza mchezo huo kuwa filamu, ilimfikiria mwigizaji mwingine mwenye jina kubwa zaidi. Howard akakataa: bila Bogart, naye hachezi. Bogart hakuusahau wema huo. Alipopata binti mwaka 1952, alimwita Leslie. Howard mwenyewe hakuwepo tena; aliuawa mwaka 1943, ndege ya abiria aliyopanda ilipotunguliwa na Wajerumani.

Kwa miaka kadhaa baadaye Bogart alibaki jambazi wa kupigwa risasi kabla filamu haijaisha. Umaarufu ulimjia mwaka 1941, akiwa amepita miaka 40, kwa High Sierra na The Maltese Falcon. Mwaka uliofuata ikaja Casablanca.

Hiyo ni filamu ya wakimbizi. Watu waliokimbia vita vya Ulaya wamekwama katika mji wa Casablanca, Morocco, wakingoja vibali vya kwenda Lisbon na kutoka hapo Marekani. Bogart ni Rick, mwenye baa ambamo vibali vinauzwa na kununuliwa gizani. Wewe uliyewahi kukaa Kampala mwaka baada ya mwaka ukingoja simu ya usaili huhitaji kuelezwa sura za watu wale.

Na nyingi hazikuwa sura za kuigiza. Filamu ilirekodiwa California, lakini wengi waliomzunguka Bogart walikuwa wameikimbia Ulaya kweli. Conrad Veidt, Mjerumani aliyeondoka kwao kwa sababu mke wake alikuwa Myahudi, alipewa kumcheza ofisa wa Kinazi. Marcel Dalio na mkewe Madeleine LeBeau waliondoka Paris mwaka 1940, wakafika Lisbon, wakanunua viza za Chile. Walipofika Mexico waliambiwa viza hizo ni za kughushi, wakakwama hadi walipopata hati za muda za Kanada. Wauza karatasi bandia si wa leo, na hapa nikumbushe tu kwamba nafasi ya kuhamia nchi ya tatu haiuzwi. Anayekudai fedha kwa ajili hiyo ni tapeli. Dalio aliokoka. Wazazi wake waliuawa katika kambi za Wanazi.

Mwaka 1945 Bogart alimwoa Lauren Bacall, mwigizaji aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 25. Ilikuwa ndoa yake ya nne, na ilidumu. Mwaka 1947 wote wawili walikwenda Washington kupinga kamati ya bunge iliyokuwa ikiwahoji watu wa sinema kuhusu ukomunisti. Mashambulizi yalipozidi, Bogart aliandika gazetini kwamba yeye si mkomunisti na kwamba safari ile ilikuwa kosa. Si ukurasa mzuri wa maisha yake, ingawa anayejua woga wa kupoteza kazi hatashangaa.

Kisha ikaja The African Queen. Mtayarishaji wake, Sam Spiegel, alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933. Mwongozaji, John Huston, alikipeleka kikosi kwanza kwenye Mto Ruiki, Kongo, karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu. Baadaye wakahamia Butiaba na Maporomoko ya Murchison. Wengi waliugua kuhara na malaria. Katharine Hepburn, mwigizaji mwenzake, alidhoofika sana kwa maji machafu. Bacall, aliyemsindikiza mumewe, alisaidia kuuguza. Bogart na Huston hawakuugua, nao walidai ni kwa sababu walikunywa wiski badala ya maji. Usiwaige, chemsha maji.

Katika filamu, mwaka 1914, mwenye boti na dada wa mmisionari wanataka kuzamisha meli ya kivita ya Wajerumani ziwani. Kisa hicho kilichochewa na meli ya kweli, Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo ni MV Liemba. Baadhi yenu mliipanda: ilirudisha wakimbizi wa Kongo nyumbani mwaka 1997, na mwaka 2015 ikawatoa Warundi Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Ukiitazama filamu hiyo, angalia mwanzo wake. Askari wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Kisha kamera inawafuata Wazungu wawili mtoni, na wale waliochomewa nyumba hawaonekani tena. Walikwenda wapi? Filamu haituonyeshi. Waafrika waliobeba mizigo na kujenga kijiji kile cha kuigiza nao hawakupata umaarufu wowote.

Bogart alipokea Oscar mwezi Machi 1952. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na saratani ya umio ilimuua nyumbani kwake Los Angeles tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Boti aliyoiendesha katika filamu hiyo, iliyojengwa Uingereza mwaka 1912, sasa iko Florida na inabeba watalii. Bandari ya Butiaba iliharibiwa na mafuriko ya ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi utakuta wavuvi, nyavu zinazoanikwa, na ng'ambo, hewa ikiwa safi, milima ya Kongo.