Roland Garros: jina la tenisi, maisha ya angani

Kila mwaka, mwezi wa tano ukielekea mwisho, jina la Roland Garros linajaa kwenye redio na televizyo juu ya mashindano ya tenisi ya Paris. Wapenzi wasikilizaji, wengi wetu tunawaza kama huyu bwana alikuwa bingwa wa tenisi. Kumbe alikuwa rubani, na ndege yenye ilimpa sifa vitani, ilikuwa na bawa juu ya kichwa chake sawa vile mwavuli.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa kumi 1888 huko Saint-Denis, kwenye kisiwa cha Réunion, ndani ya Bahari ya Hindi. Akiwa bado mdogo, wazazi walihamia Saigon, kiisha wakamtuma Ufaransa kwa masomo. Alipenda sana mpira na baiskeli. Alisomea biashara, akauza magari. Mwaka wa 1909 alienda kutazama ndege huko Reims, na tangu pale hakutaka kazi ingine. Alinunua Demoiselle, ndege ndogo ya Santos-Dumont wa Brazili, na mwaka wa 1910 akapata cheti cha rubani.

Tarehe 23 mwezi wa kenda 1913, alitoka Fréjus, kusini ya Ufaransa, akavuka bahari ya Mediterania mpaka Bizerte, Tunisia, bila kutua. Hakuna mtu alikuwa amefanya vile mbele yake. Safari ilichukua masaa 7 na dakika 53, na alipotua, mafuta ilibakia lita 5 tu.

Vita ikaanza mwaka wa 1914. Garros aliingia jeshini, akapewa Morane-Saulnier ya aina ya L, yenye watu waliita Parasol. Bawa lake lilikuwa moja tu, na halikufungwa ubavuni mwa ndege. Liliinuliwa juu kwa nguzo ndogo na kushikwa kwa waya. Faida yake ni kwamba rubani, akiwa chini ya bawa, anaona vizuri ardhi, barabara, na askari wa adui. Hiyo ilikuwa kazi kubwa ya ndege siku zile: kupeleleza. Ubaya ni kwamba hauoni vizuri kile kinakuja toka juu, na zile nguzo na waya zinapambana na upepo na kupunguza mbio. Moteri ilikuwa ya nguvu-farasi 80.

Shida ilikuwa kupiga risasi mbele. Ukipiga, unavunja helisi yako mwenyewe. Raymond Saulnier alikuwa amejaribu kifaa cha kupatanisha bunduki na mzunguko wa helisi, lakini risasi zingine zilikuwa zinachelewa kutoka. Basi Garros na fundi wake Jules Hue walifunga vipande vya chuma kwenye helisi. Risasi ikigonga pale, inaruka pembeni, zingine zinapita. Tarehe 1 mwezi wa ine 1915 aliangusha ndege ya Wajerumani. Ndani ya wiki tatu, zilifika tatu.

Lakini tarehe 18 ya mwezi ule ule, ndege yake ilimwangusha Ubelgiji, upande wenye Wajerumani walikuwa wanashika. Alijaribu kuichoma moto, haikuungua yote. Wajerumani walipeleka siri ile kwa Anthony Fokker, na mafundi wake wakaweka kwenye ndege zao kifaa cha kusimamisha risasi kila mara helisi inapita mbele ya bunduki. Tarehe 1 mwezi wa saba, rubani wa Fokker alipiga ndege ya kwanza kwa silaha hiyo mpya. Ilikuwa Parasol ya Wafaransa. Tangu pale, kwa miezi mingi, marubani wa Ufaransa na Uingereza walikufa wengi.

Garros alikaa mfungwa karibu miaka mitatu. Mwezi wa pili 1918, yeye na mwenzake Anselme Marchal walitoroka wakivaa nguo za maofisa wa Kijerumani, wakapitia Uholanzi. Macho yake yalikuwa yamelegea, angeweza kupewa kazi ya ofisini. Alikataa, akarudi angani kwa kujificha na miwani. Tarehe 5 mwezi wa kumi 1918 aliuawa karibu na Vouziers. Kesho yake angetimiza miaka 30. Vita iliisha wiki tano nyuma.

Mwaka wa 1928, Paris ilipojenga uwanja mpya wa tenisi, Émile Lesieur, rafiki yake wa masomo, alisimama imara ili upewe jina lake. Uwanja wa ndege wa Réunion nao unaitwa vile.

Basi, siku mtoto atauliza Roland Garros alishinda makombe ngapi ya tenisi, mumuambie hata moja. Kiisha mumuonyeshe ndege inapita juu, na mumuelezee habari ya kijana wa kisiwani na ndege yake ya mwavuli.