Kasa-Vubu, rais aliyeshika sheria mara mbili

Kila asubuhi, nikitoka Nguba kwenda masomoni, napita kwenye barabara inayobeba jina la Patrice Lumumba. Hapa Ibanda jina hilo liko midomoni mwa madereva, wachuuzi wa Nyawera na watoto wa shule. Jina la mtu aliyemfukuza Lumumba kazini halitajwi sana. Nilipokuwa mdogo, Joseph Kasa-Vubu kwangu alikuwa mzee mwenye miwani anayeonekana kwenye picha za zamani, basi. Babu yangu ndiye aliyenigeuza mawazo. Alikuwa kijana hapa Bukavu tarehe 1 Januari 1961, siku risasi zilipolia mjini, na hadi alipofariki alishikilia kwamba vita ile ilianzia kwenye karatasi iliyotiwa sahihi Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Nilitaka kuijua karatasi hiyo.

Kasa-Vubu alizaliwa Mayombe, Kongo ya Chini, upande wa Tshela. Mapadri walimsomesha katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha seminari kubwa ya Kabwe huko Kasai, lakini hakufikia upadri. Alifundisha shule, na mwaka 1942 akaingia ukarani katika idara ya fedha ya serikali ya kikoloni. Wakati huo kodi na ushuru viliamuliwa na Wabelgiji. Mkongo alilipa tu, na karani kama yeye aliandika hesabu.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka. ABAKO, chama kilichompandisha, kilianza mwaka 1950 kwa shabaha ya kulinda Kikongo. Kasa-Vubu alikuwa mwenyekiti wake mwaka 1954. Miaka miwili baadaye, wakati wasomi wengine walikuwa bado wanajadili mpango wa kungoja miaka 30, ABAKO ilidai uhuru mara moja. Alichaguliwa mkuu wa komine ya Dendale, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Baada ya mkutano wa ABAKO kukatazwa na damu kumwagika Leopoldville tarehe 4 Januari 1959, alitiwa gerezani. Huyo hakuwa mtu mwoga.

Tarehe 24 Juni 1960 wabunge na maseneta, wakikaa pamoja, walimchagua kuwa rais kwa kura 159 dhidi ya 43 za Jean Bolikango. Tuliweke hilo akilini: kiti chake alipewa na Bunge. Serikali ya Lumumba nayo ilikubaliwa na wabunge hao hao, kwa kura 74 katika nyumba ya viti 137. Wote wawili walitoka tumbo moja.

Shida ilikuwa katika Sheria ya Msingi, katiba ya muda iliyotengenezwa Brussels kwa mfano wa ufalme wa Ubelgiji. Ibara ya 22 ilimpa mkuu wa nchi uwezo wa kumteua na kumwondoa waziri mkuu. Ibara nyingine zilisema serikali inajibu mbele ya Bunge. Ubelgiji, desturi ya miaka mingi ilimzuia mfalme kutumia uwezo huo peke yake. Kongo haikuwa na desturi hiyo, wala mahakama ya katiba iliyokwisha kuanza kazi ili iamue.

Tarehe 5 Septemba 1960, usiku, Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Usiku huo huo Lumumba naye alitangaza kwamba rais si rais tena. Siku mbili baadaye wabunge walipiga kura 60 dhidi ya 19 na kufuta maamuzi yote mawili. Mimi naona hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote katika Bunge letu la kwanza: watu wa vyama vilivyochukiana walikataa kumpa yeyote ushindi. Kesho yake Senati ilisimama upande wa Lumumba. Kasa-Vubu hakukubali. Tarehe 14 alisimamisha vikao, na jioni hiyo kanali wa miaka 29, Joseph Mobutu, alitangaza kwamba jeshi limewaweka pembeni wote wawili. Lakini rais alibaki kwenye kiti, akaapisha makamishna wa Mobutu. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Wagombanapo tembo, nyasi ndizo huumia. Na nyasi zilikuwa hapa kwetu. Watu wa Lumumba walijikusanya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Wakati wa Krismasi 1960 askari wao walikuja Bukavu, wakamkamata kiongozi wa Kivu, Jean Miruho. Mwaka mpya ulipoanza, askari wa Mobutu walipita Ruanda-Urundi, iliyokuwa bado mikononi mwa Ubelgiji, wakajaribu kuuteka mji, wakashindwa. Hizo ndizo risasi za babu.

Mtu angefikiri Kasa-Vubu alipata fundisho. Mwaka 1963 aliwafukuza tena wabunge, na katiba ya Luluabourg ya 1964 ikampa nguvu zaidi. Tarehe 13 Oktoba 1965 alimwondoa Moïse Tshombe, ambaye kambi yake ilikuwa imeshinda uchaguzi mwaka huo huo. Akamteua Évariste Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Rais akamteua yeye yule tena. Tarehe 24 Novemba Mobutu alirudi, na safari hii alikaa zaidi ya miaka 31. Kasa-Vubu aliondoka bila kupigana, akaishi Boma, akafa huko tarehe 24 Machi 1969.

Wanaomtetea husema kila mara alikuwa na ibara mkononi. Ni kweli. Lakini ruhusa ya kufanya jambo si sababu ya kulifanya, na aliyepewa kiti na Bunge hawezi kulifungia mlango kisha ashangae jeshi likiingia dirishani.

Katiba yetu ya 2006 inaonekana kumkumbuka. Kwa ibara ya 78, waziri mkuu hutoka katika walio wengi bungeni, na rais hukatisha kazi yake pale anapoleta barua ya kujiuzulu. Ibara ya 174 inasema hakuna kodi isipokuwa kwa sheria. Hata Wamarekani, ambao katiba yao iliwapa wabunge ushuru wa forodha, bado wanabishana rais aweze kiasi gani peke yake.

Mama yangu mdogo huvusha nyanya kwenye mpaka wa Ruzizi. Hajasoma ibara hizo. Lakini akidaiwa pesa, kwanza anauliza karatasi iko wapi na nani aliitia sahihi. Naona anauliza swali la babu.