Daktari wa Jicho Moja na Taya la Mdogo Wangu

Kwetu ni Makuyuni, Korogwe. Nikiwa darasa la tatu, mdogo wangu (mtoto wa mama mdogo, lakini nyumbani hatutofautishi) alivimba taya. Zahanati moja wakamng'oa jino. Uvimbe ukaendelea, wakang'oa la pili. Bibi akasema mtoto karogwa. Baada ya wiki chache meno yote ya upande ule yalikuwa yanacheza, na jicho limeanza kusukumwa nje. Mama mdogo akauza mbuzi, wakapanda basi la Dar.

Jina la ule ugonjwa nilikuja kulijua nikiwa chuoni tayari, siku niliyokimbia joto la hosteli nikajificha maktaba. Ni jina la mtu: Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kuchora ramani za maeneo ya ndege wa bustanini, na nadhani huo ugonjwa wa ramani mtoto aliurithi. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Akaingia chuo kikuu Dublin kusomea uhandisi, akaona hapana, akahamia udaktari. Wale mliobadili kozi mwaka wa kwanza mkasemwa nyumbani, mpo hapo? Akawa daktari wa upasuaji. Vita vikamleta Kenya na Somalia akiwa na jeshi la Waingereza, na mwaka 1946 akaja Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuelewa. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Basi bwana, hapo ndipo alipotofautiana na wengi wetu. Mmoja ni bahati mbaya; wawili akaanza kuhesabu. Akafukua mafaili ya hospitali, akaona kwamba watoto waliokuwa wakiandikiwa magonjwa mbalimbali walikuwa na saratani moja. Akaandika mwaka 1958, na karibu hakuna aliyeshtuka.

Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa pauni 25. Alichapisha karatasi zenye picha, akazituma hospitali za Afrika nzima kuuliza: mmewahi kuona hii? Majibu akayachomekea pini kwenye ramani. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakanunua gari kuukuu aina ya Ford na kusafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, toka Kampala hadi kusini mwa bara, wakipita Tanganyika wiki chache tu kabla ya uhuru. Waligundua ugonjwa unapenda nchi za chini zenye joto na mvua, na unakwepa milimani. Yaani Makuyuni ndiyo, Lushoto juu hapana. Ramani ile ilikuwa karibu ramani ya malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Uganda. Leo tunajua malaria ya mara kwa mara na kirusi kile hushirikiana.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ya dawa. Kisu cha Burkitt hakikufaa kitu kwenye mataya yale, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Akaomba dawa mpya: methotreksati, kisha siklofosfamidi na vinkristini. Uvimbe ukayeyuka ndani ya siku chache. Wengine walipewa dozi moja tu, wazazi wakawachukua nyumbani, na baadhi yao walirudi baadaye wakiwa wazima. Nitasema ukweli, majaribio yale leo yasingepita kwenye kamati yoyote ya maadili: hakuna kundi la kulinganisha, na sijui mzazi angekataaje mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni. Lakini bila dawa, watoto wale walikuwa wanakufa ndani ya miezi.

Wengi uvimbe uliwarudia, kwa sababu seli chache hujificha dawa moja isipozifikia. Ndipo taasisi ya saratani iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, chini ya John Ziegler, ikapima dawa kwa kuzichanganya. Hoja hiyohiyo imefika hata kwenye melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa Waafrika hupenda unyayo: ikishasambaa, baadhi ya wagonjwa hupewa vidonge vya aina mbili, kila kimoja kikiziba hatua yake kwenye njia moja ya ukuaji wa seli.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akawa maarufu tena kwa kuwahimiza Wazungu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi, dona kama letu. Alifariki mwaka 1993.

Mdogo wangu aliwekewa dripu za dawa zaidi ya moja, nywele zikaisha, zikaota. Sasa yuko kidato cha nne. Likizo iliyopita nilimwonyesha picha ya Burkitt kwenye simu. Akauliza jicho bovu ni lipi, tukashindwa kulitambua, akarudi kwenye hindi lake la kuchoma. Hutafuna kushoto tu, kulia hana meno.