Jacques Cartier na Asante ya Punda

Ukifika Kanja, upande wa Embu, miteremkoni mwa Mlima Kenya, utaiona misonobari na jamaa zake, miti yenye majani membamba kama sindano, mabichi mwaka mzima, mfano wa mivinje yetu ya pwani. Watu huitaka kwa mbao na kuni. Kinywaji cha huko ni chai. Walakini majani ya miti ya namna hiyo yaliwahi kunywewa yakaokoa roho za watu. Waliookolewa ni watu wa baharia Jacques Cartier.

Cartier alizaliwa mwaka 1491 katika bandari ya Saint-Malo, Ufaransa. Mwaka 1534 Mfalme Francis wa Kwanza alimtuma magharibi kutafuta njia ya kufikia Asia. Akaangukia Kanada, na aliporudi kwao aliwachukua vijana wawili, Dom Agaya na Taignoagny, wana wa Donnacona, mkuu wa Stadacona, palipo mji wa Quebec leo. Mwaka 1535 alirejea nao, na merikebu tatu zenye watu 110.

Majira ya baridi yakawafunga. Tangu Novemba hadi Aprili merikebu zilishikwa na barafu. Matunda hakuna, mboga hakuna. Kiseyeye kikawaingia, maradhi yaleyale yaliyowafanya mabaharia wa Vasco da Gama kuomba machungwa Malindi mwaka 1499. Miguu ilivimba ikawa myeusi, fizi zikaoza. Watu 25 walikufa, na wazima wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Cartier, akichelea kushambuliwa, aliwaficha wenyeji unyonge wake.

Siku moja akamwona Dom Agaya, aliyekuwa amevimba goti siku chache nyuma, anatembea mzima. Akamwuliza dawa, akisingizia ni ya mtumishi wake. Kijana hakumnyima. Wanawake wawili wakaonyesha mti uitwao aneda. Majani na magome yalichemshwa, maji yakanywewa kila baada ya siku moja, machicha yakakandikwa miguuni. Mti mzima mkubwa ulikwisha kwa siku chache, na wagonjwa wakainuka.

Sasa tazama malipo. Mei 1536 Cartier aliwakamata kwa hila Donnacona na wanawe, akaondoka na watu kumi kwa jumla. Aliporudi mwaka 1541 wote walikuwa wamekufa ila msichana mmoja, naye hakurudishwa. Cartier akawaambia wenyeji kuwa mzee amefariki, wengine wanaishi raha mustarehe. Uadui ukazuka. Mwaka 1542 akaondoka na mawe aliyodhani ni dhahabu na almasi, kumbe hayana thamani. Alifariki Saint-Malo tarehe 1 Septemba 1557.

Hazina ya kweli ilipotea. Samuel de Champlain alipojenga Quebec mwaka 1608, watu wa Stadacona hawakuwapo tena. Majira ya baridi ya kwanza, wengi katika watu wake 28 walikufa kwa kiseyeye na kuhara, na msitu umewazunguka. Hata leo wataalamu wanabishana aneda ulikuwa mti gani.

Basi msomaji wa Kanja asikimbilie kuchuma na kuchemsha, kwani miti ya sindano haifanani, na mingine ni sumu. Anayeijua dawa ni mganga wake. Cartier alipewa dawa, akamwangamiza mganga. Na waliomfuata nyuma ndio waliolipa deni lake.