Martin Hotine na Nguzo za Vilimani

Huko Uingereza wako watu ambao starehe yao ya mwisho wa juma si mpira wala sinema, bali ni kupanda vilima wakitafuta nguzo za saruji zilizojengwa na wapimaji wa ardhi zamani. Mtu akiifikia nguzo huigusa, huandika nambari yake daftarini, hupiga picha, kisha huteremka akiiwaza inayofuata. Zilijengwa nguzo zipatazo 6,500, na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mtu mmoja amekamilisha kuzifikia zote zilizobaki, zaidi ya 6,000. Msomaji anaweza kudhani kwamba huu ni wazimu wa watu walioshiba. Mimi sidhani hivyo. Ingawa ni mwalimu wa isimu nisiye na cheti chochote cha upimaji, nami hupenda kuzitafuta alama za aina hiyo katika viunga vya Eldoret, na kwa sababu hiyo naomba nafasi leo nisimulie maisha ya mtu aliyeibuni nguzo hiyo. Jina lake ni Martin Hotine, na kabla ya kuibuni alikuwa amepanda na kushuka vilima vya huku kwetu Afrika Mashariki.

Hotine alizaliwa London mwaka 1898. Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa bado vinarindima, aliingia jeshini katika kikosi cha wahandisi, ambacho kwa Waingereza ndicho kilichokuwa chuo cha wapimaji na wachoraji wa ramani. Alisoma pia Cambridge. Katika miaka ya 1920 alijishughulisha na jambo lililokuwa geni wakati huo, yaani namna ya kuchora ramani kwa kutumia picha zilizopigwa kutoka angani, na mwaka 1931 kitabu chake juu ya somo hilo kilichapishwa. Alikuwa mtu wa hisabati kwa maumbile, lakini si wa ile hisabati inayokaa chumbani tu.

Mwaka huohuo wa 1931 alitumwa Tanganyika. Ili msomaji aelewe alichotumwa kufanya, ni lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1879 mtaalamu wa falaki aliyekuwa Rasi ya Tumaini Jema, David Gill, alitoa wazo la kupima mstari mmoja mrefu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ukifuata longitudo ya 30 Mashariki. Shabaha haikuwa ramani peke yake. Mstari mrefu kiasi hicho, ukipimwa kwa usahihi mkubwa, huonyesha umbo la dunia yenyewe, na jinsi ilivyobonyea kidogo kwenye ncha zake. Longitudo hiyo hupita magharibi ya Tanganyika na magharibi ya Uganda, karibu kilomita 600 kutoka hapa Eldoret.

Kazi yenyewe hufanywa kwa pembetatu. Wapimaji huchagua uwanda ulionyooka, wakapima urefu wake kwa utepe wa chuma maalumu usiorefuka ovyo kwa joto. Hapo wanao upande mmoja wa pembetatu. Baada ya hapo hawahitaji tena kupima masafa ardhini. Hupanda kilima baada ya kilima wakipima pembe kwa darubini ya upimaji, ile iitwayo thiodolaiti, na pande nyingine zote hupatikana kwa hesabu. Kila mwalimu wa hisabati wa kidato cha tatu anazijua kanuni hizo. Lakini ni lazima darubini isimame wima juu ya nukta ileile ambayo mwenzako wa kilima cha pili aliilenga, wala si pembeni yake kwa upana wa kidole. Ndiyo maana juu ya kila kilima kunatakiwa alama isiyotikisika, na chini ya darubini huning'inizwa timazi kama ile ya fundi wetu wa nyumba.

Kipande cha Uganda na Kongo kilipimwa mwaka 1908 na 1909 na msafara wa Waingereza na Wabelgiji. Tanganyika ilibaki pengo. Kwa miaka miwili hivi, hadi 1933, Hotine na kikosi chake walishughulika katika nyika na milima ya magharibi, kaskazini ya mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya safari aliandika mfululizo wa makala katika jarida la wapimaji wa dola, akieleza jinsi vilima vilivyochaguliwa, jinsi pembe zilivyopimwa na jinsi mistari ya msingi ilivyopatikana. Makala nzima aliitengea mambo ya alama na vinara tu. Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili kubwa ya tabia yake. Wengine huiona alama kuwa ni jambo la kibarua, la kuachiwa mafundi. Yeye aliona kwamba hesabu zote duniani hazina thamani ikiwa atakayekuja baada ya miaka 30 hataiona nukta uliyosimamia.

Hapa naomba niseme neno moja nje ya mkondo. Vyombo vile vilikuwa vizito, na barabara hazikuwako. Saruji, maji, taa, mahema na chakula vilipanda milimani juu ya vichwa na mabega ya Waafrika. Walioshika taa usiku kilimani ili darubini ya mbali iwalenge walikuwa sehemu ya kipimo chenyewe, kwa maana bila taa kukaa mahali pake hapana pembe. Hata hivyo, katika simulizi za mstari huu majina tunayosoma ni ya maofisa. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hawa hatujui kama waliwahi hata kusifiwa.

Aliporudi kwao Hotine alikabidhiwa kazi kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1935 Uingereza ilianza kuipima upya nchi yake yote kwa pembetatu, kwa kuwa alama za karne iliyotangulia zilikuwa zimepotea au hazikulingana tena na mahitaji. Ndipo alipoibuni nguzo iliyobeba jina lake miongoni mwa wapimaji. Ni nguzo ya zege ya pembe nne, yenye kimo cha mita 1.2 hivi, pana chini na nyembamba juu. Juu yake pamelazwa bamba la shaba lenye mifereji mitatu. Miguu mitatu ya darubini hukaa katika mifereji hiyo, na papo hapo chombo kinakuwa kimesimama juu ya nukta yake, bila mpimaji kuhangaika na timazi katika upepo wa mlimani. Ubavuni mwa nguzo nyingi kuna kibamba cha chuma chenye nambari, nacho hutumika kupimia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Chini kabisa, ndani ya ardhi, imezikwa alama nyingine, ili nguzo ikivunjwa nukta isipotee. Nguzo ya kwanza kutumiwa ilikuwa ya Cold Ashby, tarehe 18 Aprili 1936. Naamini kwamba bila ile miaka ya Tanganyika, ambako mpimaji akiondoka hajui ni lini mwenzake atarudi, asingelikuwa na shauku kubwa kiasi hicho ya kuzika nukta ya akiba.

Vilipokuja vita vya pili alifanywa mkuu wa upimaji wa kijeshi wa Uingereza, kuanzia 1941 hadi 1946. Kisha ikaundwa idara ya kuzipima nchi zote za makoloni, naye akawa mkuu wake wa kwanza, akadumu hadi 1963. Ndege zilipiga picha za nchi kutoka angani. Wapimaji wakatumwa huku kuweka alama. Michoro ikafanywa huko Uingereza. Nao mstari wa Gill ulikamilika mwaka 1954, pengo la mwisho la upande wa Sudan lilipozibwa na wapimaji wa jeshi la Marekani, miaka 75 baada ya wazo lenyewe kutolewa. Mwaka 1960 hesabu za mtandao wa Kenya, Uganda na Tanganyika zilipangwa upya kwa kufungamana na mstari huo.

Je, tumshukuru? Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali hilo, na ni swali la haki. Ramani ni mali ya mwenye kuiagiza. Hapa Uasin Gishu mashamba yalipimwa na kupewa nambari ili wagawiwe walowezi, na waliokuwa wakichunga ng'ombe humo hawakuulizwa. Mji wetu wenyewe ulianza juu ya shamba nambari 64, na hata leo wazee huuita Sisibo, yaani ile sitini na nne ya Kiingereza iliyopita katika vinywa vya wenyeji ikatoka na sura yao. Kama mwanaisimu sijui mfano mwingine ulio mzuri zaidi wa nambari ya mpimaji kugeuka jina la mahali penye watu. Mpimaji alipita, mlowezi akapita, nambari ikabaki ikazungumzwa. Kwa hiyo sisemi kwamba upimaji wa enzi ile ulikuwa wa heri tupu. Ninachosema ni kwamba kosa la mgawaji si kosa la nukta. Nukta iliyopimwa sawasawa humtumikia mjane kama inavyomtumikia mlowezi, mradi ibaki mahali pake.

Jambo hili nililifahamu vyema siku moja nilipofika Yamumbi na wanafunzi wawili, tukiwa na ramani ya zamani mkononi. Hatujafika mbali, mzee mmoja alitoka katika shamba lake akatuuliza tunamnunulia nani, na ni ploti gani inayouzwa. Nilimweleza kwamba tunatafuta jiwe la wapimaji, kwa kutaka kuliona tu. Alicheka sana. Kwa ujuzi wake, alisema, hakuna atafutaye jiwe la mpaka isipokuwa anayetaka kulihamisha. Tulipomwonyesha ramani na kumweleza habari za nguzo za vilimani, alitulia, akatuongoza hadi pembeni mwa shamba, akafunua nyasi za napia. Palikuwa na kipande cha chuma ndani ya zege, kidogo kama kikombe. Bikoni. Alitueleza kwamba mwanzoni mwa 2008, katika zile vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yake iliteketea, na ua wote ukaisha. Aliporudi baada ya miezi mingi hapakuwa na mti wa kumwonyesha kwake kunaishia wapi. Alichimba kwa jembe akitafuta chuma hicho mpaka akakipata, akaanza kujenga upya kwa kukipimia hatua. Jirani yake alikuja akakitazama, na hapakuwa na la kubishaniwa.

Bikoni ile ni kitukuu cha nguzo za vilimani. Mpimaji wa ploti huanza kwenye alama zinazojulikana, na hizo nazo zilipimwa kutoka alama kubwa zaidi, hadi tufike kilimani. Siku hizi setilaiti zimechukua sehemu kubwa ya kazi, lakini hati na ramani nyingi tulizorithi zimejengwa juu ya hesabu za zamani, na alama zikitoweka kuoanisha ya kale na ya sasa huwa kazi ngumu na ya gharama. Hata hivyo zinavunjwa. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba ndani ya nguzo za wakoloni mna zebaki yenye thamani kubwa, nami nimeona mashimo ya waliochimba wakiitafuta. Hamna kitu humo ila saruji, mawe na kipande cha chuma au shaba. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inamhesabu mwenye kuondoa au kuharibu alama kuwa mkosaji, lakini sheria isiyosimuliwa shuleni haifiki shambani. Huko Uingereza nguzo nyingi zimesalimika ingawa wapimaji hawazihitaji tena, kwa sababu wako watu wa kawaida wanaozitembelea, wakaona fahari kuzijua. Sioni kwa nini chama cha jiografia cha shule ya sekondari kisichague kilima kimoja kwa muhula, kikaomba ruhusa kwa mwenye shamba na kwa chifu, kikaenda kuiangalia alama, kuichora, kuandika hali yake, bila kuigusa kwa jembe wala nyundo. Ruhusa ndiyo ya kwanza. Mzee wa Yamumbi ametufundisha sababu yake.

Hotine alistaafu mwaka 1963, akaenda Marekani kufanya utafiti juu ya hisabati ya umbo la dunia. Nishani ya dhahabu ya Chama cha Kifalme cha Jiografia alikuwa ameshaipata mwaka 1947. Alifariki mwaka 1968, na kitabu chake kikubwa juu ya jiodesia kilitolewa na serikali ya Marekani mwaka uliofuata. Wataalamu wa somo hilo bado hukutana katika makongamano yanayobeba jina lake pamoja na la Mwitaliano Antonio Marussi.

Mwalimu wa jiografia anayetaka kumwonyesha mwanafunzi athari ya mtu huyu hahitaji kwenda mbali. Achukue ramani ya zamani ya Kenya ya kipimo cha 1:50,000, ileile inayotumiwa kufundishia usomaji wa ramani, ambayo vituo vya upimaji vimechorwa humo kwa alama ya pembetatu ndogo. Asome maandishi madogo ya pambizoni, mahali ambapo wanafunzi hawatazami kamwe. Huko ataukuta mstari wa Gill na Hotine umetajwa kuwa ndio msingi wa ramani nzima, na mbele yake mwaka 1960.